Diwani wetu alipaza sauti kwa yule, mbona kwa huyu kanyamaza?

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Tabora mjini na ni mwanachama wa chama ambacho sitakitaja. Wakati wa kampeni ilisambaa video ya mgombea wa chama kingine akimshikashika dada aliyekuwa anahudumia hotelini. Diwani wetu wa viti maalum, mama ninayemheshimu sana, aliandika Facebook na kuweka stetasi siku tatu mfululizo: mwili wa mwanamke si mali ya umma, tunasimama na binti yule. Nilijivunia. Sasa zimepita kama wiki tano tangu kada mmoja wa chama chetu aanze kumsumbua mdogo wangu. Kikundi chao kimeomba mkopo wa halmashauri, na huyo kada anamtumia sauti WhatsApp usiku: "Ukinielewa, kikundi chenu kitapita." Habari ilipovuja kwenye grupu la kata, wanaume wakasema ni mbinu za kumchafua kabla ya uchaguzi wa ndani. Diwani wetu akaandika mstari mmoja tu: "Tuviachie vyombo vifanye kazi yake." Nikamwandikia pembeni, alisoma, hakujibu. Je, hawa viongozi wanawake wanatutumia tu? Na hizo sauti ninazo, nizirushe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako la mwisho lina haraka kuliko la kwanza, kwa hiyo niliguse kabla ya yote kisha nitalirudia kwa kirefu. Sauti hizo usizirushe, na usikae nazo pia. Kosa la udhalilishaji wa kingono limo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138D, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, na malalamiko yake yana ukomo: siku 60 tangu tendo lilipofanyika. Wiki tano ni siku 35. Muda bado upo, ila si wa kuumalizia kwenye mabishano ya grupu.

Sasa tuje kwa mama diwani. Nikikuelewa vizuri, kinachokuuma ni kwamba maneno yale yale yalikuwa na moto mkosaji alipokuwa wa upande wa pili, yakapoa alipokuwa wa kwenu. Ndiyo maana unajiuliza kama yalikuwa ya kweli hata siku ile ulipojivunia.

Mimi nadhani yalikuwa ya kweli. Mwanamke aliyefika kwenye baraza la madiwani amepita mahali ambapo wengi wa wanaume wenzake hawajapita: simu za usiku kutoka kwa wenye kura, mkono uliokaa begani muda mrefu kupita kiasi, "utani" mbele ya wajumbe ambao hawezi kuujibu bila kuitwa mwenye kiburi. Mwaka 2021 Umoja wa Mabunge Duniani na Umoja wa Mabunge ya Afrika walitoa utafiti uliowahoji wanawake 224, wabunge na watumishi wa mabunge, kutoka nchi 50 za bara letu. Miongoni mwa wabunge hao, asilimia 80 walisema wamefanyiwa ukatili wa kisaikolojia katika kazi yao, asilimia 46 walikuwa wameshambuliwa mtandaoni kwa sababu ni wanawake, na asilimia 42 walikuwa wametishiwa kuuawa, kubakwa, kupigwa au kutekwa. Mtu wa namna hiyo akiandika kwamba mwili wa mwanamke si mali ya umma, haandiki alichosimuliwa.

Basi ukweli wa moyo wake tuuweke pembeni. Tuulize kitu kingine: ni nini kinachomfanya mwanasiasa aandike au asiandike?

Marekani ndiko jambo hili limetazamwa kwa karibu zaidi, kwa sababu wanasiasa wao huandika hadharani kila siku na walichoandika hubaki kinahesabika. Oktoba 2017, baada ya gazeti la New York Times kufichua tuhuma za udhalilishaji wa kingono dhidi ya mtayarishaji filamu Harvey Weinstein, wanawake kwa mamilioni waliandika "mimi pia", kauli ambayo mwanaharakati Tarana Burke alikuwa ameianzisha tangu 2006. Wanasiasa nao wakaingia. Wanawake walilizungumzia zaidi kuliko wanaume, na wa chama cha Democrats zaidi kuliko wa chama cha Republicans. Mbunge wa California, Jackie Speier, alijirekodi video akisimulia jinsi mkuu wa ofisi alivyombusu kwa nguvu alipokuwa mtumishi kijana wa Bunge, akawaomba na wengine waliofanyiwa hivyo waseme.

Ukiishia hapo utasema jinsia ndiyo inayoamua. Lakini acha kuhesabu nani kaandika, anza kutazama kaandika kumhusu nani.

Chukua kisa cha Seneta Al Franken, Democrat wa Minnesota. Alianza kutuhumiwa kuwadhalilisha wanawake katikati ya Novemba 2017. Kwa takriban wiki tatu wenzake chamani walisema kamati ya maadili imchunguze, yaani lugha ile ile ya "tuviachie vyombo". Tarehe 6 Desemba, Seneta Kirsten Gillibrand wa chama hicho hicho akaandika Facebook kwamba mwenzake aondoke. Ndani ya saa chache maseneta wanawake wa Democrat walimfuata mmoja baada ya mwingine, kisha wanaume. Kesho yake Franken akatangaza kuachia kiti.

Utaniambia: si umeona, wanawake wameshinda chama! Ngoja kidogo. Gavana wa Minnesota, mwenye mamlaka ya kuteua wa kujaza nafasi, alikuwa Democrat, na akamteua Democrat mwingine, Tina Smith. Chama hakikupoteza kiti. Tena siku sita mbele kulikuwa na uchaguzi Alabama, ambako mgombea wa Republican, Roy Moore, alikuwa akituhumiwa na wanawake waliosema aliwaandama wakiwa wasichana wadogo. Democrats walihitaji kuonekana safi kabla ya siku hiyo. Simpunguzii Gillibrand ujasiri wake, maana baadhi ya wafadhili wa chama walimnunia kwa muda mrefu baada ya hapo. Ninachosema ni kwamba ujasiri wake ulipata nafasi siku ambayo gharama kwa chama ilikuwa ndogo.

Mwaka uliofuata gharama ilikuwa kubwa. Brett Kavanaugh aliteuliwa kuwa jaji wa mahakama ya juu kabisa ya nchi ile, kazi ya maisha. Tarehe 27 Septemba 2018, Christine Blasey Ford alieleza mbele ya kamati ya Seneti kwamba jaji huyo alimshambulia kingono walipokuwa vijana. Kavanaugh akakana kabisa. Tarehe 6 Oktoba Seneti ikampitisha kwa kura 50 dhidi ya 48. Wakati huo maseneta wanawake walikuwa 23. Wanawake wote 17 wa Democrat walimkataa. Kati ya wanawake sita wa Republican, watano walimpitisha, na mmoja tu, Lisa Murkowski, hakumuunga mkono. Kwa upande wa pili, Democrat mmoja, Joe Manchin, alivuka mstari akampigia kura ya ndiyo.

Wanawake 23 walimsikiliza mwanamke yule yule, na ukijua chama cha kila mmoja ungekaribia kubashiri kura zao zote. Jinsia huongeza uwezekano wa mtu kusema. Chama huamua atasema dhidi ya nani na kwa sauti ya kiasi gani. Mama diwani wako kaonyesha yote mawili ndani ya miezi michache.

Usidhani kila mara ni hila. Shabiki wa Simba na shabiki wa Yanga huangalia tukio moja ndani ya boksi, kwenye televisheni moja, na kila mmoja anaapa kwa Mungu alichokiona. Hawadanganyi. Akili hutafuta kwanza sababu ya kumtoa wetu, na ikiipata haiendelei kutafuta. Kwa mkosaji wa upande wa pili video moja inatosha, lakini kwa wa kwetu tunataka tujue nani kairekodi, kwa nini imetoka leo, nani ananufaika. Hayo maswali yenyewe ni halali, na hila za kuchafuana zipo, wewe na mimi tunazijua, hasa majina yanapokaribia kupitishwa. Ubaya unaingia pale maswali hayo yanapoulizwa upande mmoja tu. Tazama sentensi mbili za diwani wako: "tunasimama na binti yule" na "tuviachie vyombo vifanye kazi yake". Kila moja ni sentensi njema. Mlalamikaji anastahili kusikilizwa, mtuhumiwa anastahili uchunguzi. Mama angeziandika zote mbili mara zote mbili, leo usingeniandikia.

Juu ya hilo la akili kuna jambo la tumbo na kiti, na hapa kwetu ni zito kuliko Marekani. Murkowski alishindwa kura za maoni za chama chake mwaka 2010, akagombea bila chama kumpitisha, wapiga kura wakaandika jina lake wenyewe kwenye karatasi, akashinda. Anajua anaweza kuishi bila baraka ya wakubwa. Katiba yetu haina mgombea binafsi. Mbunge au diwani lazima atokane na chama, na kwa kanuni akipoteza uanachama, kiti nacho kinakwenda. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema mwaka 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki, lakini bado tuko nalo. Diwani wa viti maalum amebanwa zaidi, kwa sababu hana kata yake iliyompigia kura moja kwa moja. Jina lake hupita kwenye jumuiya ya wanawake ya chama chake, iwe UWT, BAWACHA au Ngome ya Wanawake, kisha hupanda kwenye vikao vya juu, na kwenye vikao hivyo wanaume ndio wengi. Kada anayemsumbua mdogo wako huenda ni mjumbe wa kikao kimojawapo, au ana rafiki humo.

Katika mafunzo ya madiwani wanawake Nzega, wakati wa chai, mmoja alinipa simu yake nisome. Alikuwa ameandika aya nzima kuhusu tuhuma dhidi ya mtu wa chama chake, maneno mazuri, akajitumia mwenyewe kwenye WhatsApp ili ayahifadhi. Hakuyatuma kokote. Juu ya ujumbe huo kulikuwa na wa katibu wake: "Mama, suala hili lipo kwenye vikao, tusilitoe nje." Aliniuliza kama aya yake ilikuwa na makosa ya uandishi. Haikuwa na kosa hata moja. "Mambo ya chama yana vikao vyake" ni kauli inayozima stetasi nyingi kuliko woga wa polisi au wa mahakama, na anayeitii mara nyingi hujiambia kwamba ndani ya kikao ataweza kusema zaidi. Wengine kweli husema. Sisi wa nje hatuoni.

Mkoa wetu wenyewe una somo la zamani kidogo. Septemba 2011, katika kampeni za uchaguzi mdogo wa Igunga, mkuu wa wilaya, mwanamke wa Kiislamu, alikutwa na wafuasi wa CHADEMA kwenye mkutano waliodai ni wa kampeni za siri. Malalamiko yakawa kwamba alishikwa kwa nguvu na kuvuliwa ushungi. Tukio hilo si sawa na la mdogo wako, lakini mwitikio wake unafanana na unaouona leo. Upande wa CCM ulizungumzia heshima ya mwanamke na ya dini yake. Upande wa CHADEMA ukauliza alikuwa anafanya nini pale. Miongoni mwa wabunge wa CHADEMA waliofikishwa mahakamani kwa sakata hilo alikuwamo mwanamke. Maswali yote mawili yangeweza kuulizwa na mtu mmoja kwa pumzi moja, kwamba mkuu wa wilaya hapaswi kufanya kampeni, na kwamba hata akikosea hakuna mwenye haki ya kumshika. Waliosema hivyo walikuwa wachache mno.

Sasa linganisha na Juni 2021, bungeni Dodoma, mbunge mwanamke alipotolewa nje kwa sababu ya suruali aliyovaa, baada ya mbunge mwanaume kulalamika. Wote wawili walikuwa CCM. Hapo wabunge wanawake walisimama kumtetea mwenzao na kutaka aombwe radhi. Chama hakikuwa na cha kupoteza kwa mpinzani, kwa hiyo jinsia ikapata nafasi ya kusema. Kenya vilevile, Juni 2019, mbunge mwanamke alipopigwa kofi na mbunge mwenzake kwenye viwanja vya Bunge, wanawake walitoka ukumbini kwa pamoja kupinga. Ukitaka kujua wanawake viongozi wanafikiri nini, angalia siku ambazo chama hakipo kwenye mizani. Ukitaka kujua chama kina nguvu kiasi gani juu yao, angalia siku ambazo kipo.

Umeuliza habari za wanawake, lakini nisiwaache wanaume, maana grupu lenu limejaa kimya chao na hakuna anayekihesabu. Mwanasiasa mwanaume asipoandika kuhusu udhalilishaji, haonekani kaacha kitu. Mwanamke asipoandika, kawasaliti wenzake. Akiandika, analeta mambo ya kike kwenye siasa. Huo ni mzani usio wa haki, na hata swali lako, mwanangu, limeuegemea kidogo: umemuuliza diwani wa viti maalum, hujasema kama umemuuliza diwani wa kata au mwenyekiti wa chama, ambao kwa kada yule wana sauti kubwa kuliko yake. Wanaume wanapoandika, wengi huanza na "mimi kama baba". Oktoba 2016, ilipotoka sauti ya Donald Trump akijisifu kuwashika wanawake, kiongozi wa Republicans katika Seneti, Mitch McConnell, alisema kama baba wa mabinti watatu anaona Trump anapaswa kuwaomba radhi wanawake. Hakuondoa uungaji mkono wake. Lugha ya baba humpa mtu nafasi ya kukemea bila kuchukua hatua yoyote. Ukiiona kwenye ukurasa wa kiongozi wa hapa, subiri uone sentensi inayofuata.

Jambo moja linalotutofautisha na Marekani ni mahali tunapozungumzia. Kule mengi yalisemwa Twitter, hadharani. Kwetu huo mtandao, ambao sasa unaitwa X, ulifungiwa Mei 2025, na hata kabla ya hapo siasa za kata hazikuwa huko. Ziko kwenye magrupu ya WhatsApp na stetasi zinazofutika baada ya saa 24. Kwa hiyo kiongozi anaweza kukemea kwenye grupu la wanawake na kunyamaza kwenye grupu la chama, na kila upande ukabaki na picha yake. Usimhukumu kabisa kwa grupu moja. Wala usimtukuze kwa stetasi tatu.

Je, wanatutumia? Wapo wanaotumia majeraha ya wanawake kama silaha ya uchaguzi, na video ya mgombea wa chama pinzani ni silaha tamu. Dalili yake ni hii: binti wa kwenye video anaitwaje, yuko wapi sasa, kesi yake imefika wapi? Kiongozi aliyemwandikia siku tatu na hajui lolote kati ya hayo, alikuwa anazungumza na mgombea, hakuwa anazungumza na binti. Muulize mama yako diwani swali hilo kwa adabu, pembeni, na umsikilize. Inawezekana alimpeleka binti yule polisi kwa gari lake na hakuandika. Mimi sijui, na wewe bado hujui.

Turudi kwa mdogo wako. Umeandika mengi kuhusu diwani na kada, lakini hujasema yeye mwenyewe anataka nini. Sauti hizo ni zake. Ukizirusha, jina la kada litavuma siku mbili, la mdogo wako litabaki mtaani miaka. Kila atakayezisikia atamtafuta "huyo dada ni nani", na Tabora ni mji unaojuana. Kada atasema zimehaririwa. Watu wa chama watageuka kuzungumzia nani kazivujisha, na wewe mwenyewe unaweza kujikuta unahojiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Najua ipo hoja ya upande wa pili, na sitaibeza: kuna kesi ambazo hazikusogea hadi watu walipopiga kelele. Lakini kelele hufaa baada ya jalada kufunguliwa, jalada linapokaliwa, na kwa ridhaa ya mwenye jambo. Kuanza na kelele ni kumpa mtuhumiwa muda wa kujipanga.

Kaa na mdogo wako, mwambie njia zilizopo, achague. Ya kwanza ni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Aende na simu yenyewe yenye sauti. Asizifute, asibadili simu, asizisambaze kwa mashoga zake "wamtunzie". Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaukubali ushahidi wa aina hii mahakamani, ila watataka kujua ulikotoka na kama haujaguswa. Kila sauti ina tarehe yake. Aziandike kwenye karatasi, na kama kuna aliyekuwa naye ujumbe ulipoingia, aandike jina lake. Adhabu ya kosa hili ni kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote. Faini hiyo ni ndogo hadi inatia hasira, najua, lakini hukumu ina uzito ambao faini haina, hasa kwa mtu anayetaka uongozi.

Njia ya pili ni TAKUKURU, namba 113, haitozwi. "Ukinielewa, kikundi chenu kitapita" ni harufu ya rushwa ya ngono, na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamgusa mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa haki au huduma. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Ugumu nitakwambia wazi: lazima ionekane ana mamlaka. Kama anakaa kwenye kamati inayopitia maombi, ni kesi nzuri. Kama ni mtu wa kujisifu tu kwamba ana watu halmashauri, wataalamu wa TAKUKURU watapaswa kuchimba zaidi, na kifungu cha 138D kitafaa zaidi. Hazuiwi kwenda kote kuwili. Akitaka mtu wa kumshika mkono, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na msaada wao ni bure. Ofisi ya ustawi wa jamii itawaelekeza.

Na kuna mambo ambayo hayangoji hata kusoma jibu hili hadi mwisho. Kama kada amemgusa, amemfungia mahali, amemtishia, au mdogo wako hajafika miaka 18, nendeni leo. Kwa mtoto piga 116. Kukiwa na kubakwa, hospitali kwanza, Kitete au iliyo karibu zaidi, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na PF3, fomu ya polisi, itajazwa. Kama hapati usingizi, hataki kula, au anasema afadhali afe, usimwache peke yake, mpeleke akaonane na daktari au afisa ustawi wa jamii ana kwa ana.

Kwa diwani, mimi nisingemwomba akemee. Ukimwomba akemee, unamweka achague kati yako na kikao, na umeshaona anachochagua. Mwombe kitu kilicho ndani ya kazi yake. Mikopo ile ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haitoki mfukoni mwa kada wala kwa hisani ya chama. Diwani ana haki ya kuuliza maombi yamefikia wapi na nani anayapitia, na kuuliza hivyo hakumvunjii kikao chochote. Mwandikie tena, kwa mfano hivi:

"Shikamoo mama. Sikuombi uandike chochote mtandaoni. Kikundi cha kina mdogo wangu kimeomba mkopo wa asilimia 10. Naomba uhakikishe kwamba mtu aliyelalamikiwa hashiriki kwa namna yoyote kulipitia ombi lao, na kwamba kikikataliwa tupewe sababu kwa maandishi. Mdogo wangu analipeleka suala lake kwenye vyombo, kama ulivyoshauri. Naomba pia, kabla ya jina lolote jingine kutajwa, wewe na madiwani wanawake wa vyama vyote mkubaliane anayelalamikiwa akae pembeni na maamuzi yanayomhusu mlalamikaji hadi uchunguzi uishe, awe wa chama gani."

Hilo la mwisho ndilo ningependa zaidi alijibu, kwa sababu ni rahisi kukubali utaratibu wakati hujui utamwangukia nani. Akikubali, hata kwa simu, umepata zaidi ya stetasi. Akikaa kimya siku tatu, peleka barua yenye maombi yale yale mawili ya mwanzo kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, nakala kwa mkurugenzi, ukapigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Dawati usilisubirishe kwa ajili yake. Nendeni Jumatatu hii.